Tela Lililozidi Geti

Mwanangu Damari,

Barua zetu za zamani zilikuwa na mwanzo wake: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko chumba cha pili na mama yako, nawasikia mkibishana sufuria ipi ibaki na ipi iende, na mama yako anaelekea kushinda. Uzima ninao. Hofu nayo ninayo, kwa nini nikufiche, lakini leo imezidiwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichonikalisha hapa mezani na kalamu badala ya kuja kukaa nanyi. Ninakuonea fahari, mwanangu, mpaka najikuta natabasamu peke yangu.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Lakini unanijua, mdomo wangu umezoea kushindana na grainda ya kukatia vyuma. Nikianza jambo la moyoni naishia kupiga kelele kuhusu upepo wa matairi. Mambo ya matairi, maji ya kunywa na mlango wa kufunga usiku mama yako ameshakueleza, na asipomaliza leo atakupigia simu kesho kabla hujafika Chemba. Mimi niachie mengine.

Nianze na siku tela lilipofika, maana nakusikia ukiwasimulia wateja kwamba baba yako alikununulia karavani. Inapendeza kusikia, ila sivyo ilivyokuwa. Nililinunua ili nilikate. Wahandisi wa barabara walikuwa wanalala humo, barabara ikaisha, wakaliacha kwenye yadi mpaka kuku wa mlinzi wakawa wanatagia ndani. Mimi niliona bati la aluminiamu tu. Wakati ule kila mtu Dodoma alikuwa anajenga, na kila aliyejenga alitaka geti lenye maua. Nikahesabu maua mangapi yatatoka kwenye ubavu wa lile tela. Kule Kizota karakana yangu ilikuwa imejaa, ndiyo maana nikalileta uani kwetu.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ulirudi shule, ukasema shikamoo baba bila kuniangalia, ukaingia humo na sare yako. Nikakuita, nikafuata. Nilipochungulia nilikukuta umekaa kwenye kiti kilichochanika, umefungua dirisha, na umeikunjua ile meza ya ukutani ambayo mimi sikujua kama ipo.

"Baba, meza inajikunja," ukasema. "Usilikate."

"Nalikata Jumamosi."

"Basi anzia hapa nilipokaa."

Mama yako alicheka mpaka akashika mlango. Jumamosi ilifika nikaenda kumfungia mtu geti kule Chamwino, na Jumamosi iliyofuata nikapata kazi nyingine. Sikuwahi kukwambia kwamba nimeghairi. Niliacha tu kulitaja.

Halafu likaja paa. Hapo ndipo nilipokosea kama Mgogo hasa. Mimi nimezaliwa na kukulia ndani ya tembe, kule upande wa Mvumi. Tembe unalijua, ulilikuta moja limebaki kwa bibi: paa bapa, boriti na fito, na juu yake udongo. Kila mwaka kabla ya mvua tulipanda juu tukaongeza udongo. Pakivuja, ongeza udongo. Pakiota majani, ng'oa majani, ongeza udongo. Katika maisha yangu yote ya utoto sikumsikia mtu akisema kwamba dawa ya paa inaweza kuwa kupunguza.

Kwa hiyo tela lilipovuja mvua ya kwanza, nilipanda na ndoo ya lami. Lilipovuja tena nikaongeza lami na vipande vya turubai. Mwaka uliofuata vilevile. Nilikuwa nashuka ngazi nimeridhika kabisa, najifuta mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Mama yako, ambaye kwao Kondoa hawajawahi kukosa la kutusema, alisimama chini akaniangalia.

"Nyie Wagogo mkipewa ndege mtaipandishia udongo," akasema.

Ulipomaliza shule ukaanza kujifunza ufundi wa kutengeneza cherehani mjini, jioni ulikuwa unakaa humo ndani na taa yako. Ni wewe uliyeona dari imeanza kushuka tumbo. Ulibonyeza plaiwudi kwa kidole na kidole kikazama. Ukazunguka nje, ukapapasa, ukanionyesha: maji hayakuwa yanaingia juu kabisa. Yaliingia pembeni, pale bati la paa linapokutana na la ubavu, na lami yangu ilikuwa inayafungia ndani yasipate kukauka. Kila tabaka nililoongeza lilikuwa linaozesha mbao vizuri zaidi.

"Baba, itabidi tukwangue yote," ukasema.

Nilikasirika, na wewe uliona. Nilikwambia lami yangu haijawahi kuvuja, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikusaidia kitu. Nikanuna. Ukapanda peke yako na patasi na kitambaa cha mafuta ya taa, jua la saa sita likikuchoma magoti, na mimi nikakaa kivulini nikijifanya nanoa ncha za drili. Nilipopanda hatimaye, sikupanda kwa sababu nimekubali. Nilipanda kwa sababu ulikuwa unashika patasi vibaya. Tukakwangua bega kwa bega, ikatoka lami ya miaka yote, nzito, hata sisi wawili tulishindwa kuiburuta mara moja mpaka jalalani.

Nikiwa mdogo, boriti la tembe letu lilikatika upande wa mbuzi, kwa uzito wa udongo. Mbuzi mmoja akafa. Tukamla, na mwaka uliofuata tukaongeza udongo. Hilo nililiona kwa macho yangu na bado halikunifundisha kitu mpaka mtoto wangu mwenyewe aliponipandisha juu ya bati. Nimekuwa nikijiuliza wewe umebeba nini kutoka kwangu bila kujua, maana lazima kipo. Siwezi kukuonyesha, kwa sababu na mimi ninacho hichohicho, ila sijakiona. Labda siku moja mtu mdogo kuliko wewe atabonyeza kidole mahali. Ukinuna siku hiyo, nuna kidogo kuliko mimi.

Kisha ukataka kulijaribu. Maungio yote mapya, ribiti mpya za kubania bati, dari mpya, na wewe ukataka kupanda na maji. Ilikuwa katikati ya kiangazi, bomba linatoka kwa zamu. Mtu wa huku akionekana anamwaga maji juu ya bati, majirani watamwombea. Nikakataa. Nikasema tungoje mvua, mvua ndiyo itatuambia. Ukanijibu kwa adabu kwamba mvua ilishatuambia mara nyingi tukawa hatusikii.

Hukubishana tena. Ulianza kuweka pembeni, kwenye mapipa, maji ya kusuuzia nguo. Jirani yetu Mama Loisi alisikia, naye akaleta ya kwake, akitaka kujua tu huu wazimu utaishia wapi. Siku mapipa yalipojaa ulinikalisha ndani ukapanda juu na ndoo. Nilisikia maji yakipiga juu ya kichwa changu, nikaona mapovu ya sabuni yakiteremka dirishani, na nikakaa na shati langu kavu. Nilipapasa kila pembe. Ukaita kutoka juu, "Baba, vipi huko?" na mimi nikachelewa kujibu, ukadhani limevuja. Halikuvuja hata tone. Nilikuwa napapasa tena pembe zilezile, kavu.

Baada ya hapo kazi ikawa yako kabisa, mimi nikawa wa kuchomelea unachoniambia. Ulifunga mashine zako kwenye benchi kwa nati ili zisihame, ukaweka droo za vipuri, shato na bobini, ukashona pazia la kitenge. Mafundi nguo wakaanza kuja nyumbani. Siku moja walikuja akina mama wawili wamebeba cherehani kwenye khanga, wakauliza fundi yuko wapi. Nikainuka nikasema ni mimi, karibuni. Wakaniangalia juu mpaka chini. "Hapana, mzee," mmoja akasema, "tunamtaka fundi Damari." Nimefunga mageti katika mji huu mpaka sijui idadi, na hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyonikaa vizuri kama kukataliwa na wale akina mama. Niliwaletea viti.

Sasa ukuta. Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu wewe kwa wema wako umenihurumia usiniulize.

Nilianza ukuta ule mwaka ule ule tulipokwangua lami. Majirani wote walishazungusha kuta zao, na fundi mageti akakosa geti, watu wa Kizota wakawa wananitania kwamba mganga hajigangi. Nikajenga ukuta mzuri. Kona zake zimenyooka, na bado nikipita naupiga kofi. Geti nikalipima lipite bodaboda na mkokoteni wa maji. Tela lilikuwa uani, juu ya matofali, maana matairi nilishayatoa nikisema yasioze kwa jua. Tulipolaza kozi ya mwisho ya matofali, mama yako aliangalia geti, akaangalia tela, akaingia ndani kupika.

Watu wanadhani nilisahau. Wewe ulinitetea kwa mjomba wako Hamisi, ukamwambia baba alipitiwa. Damari, mtu anayepima mageti kila siku hapitiwi na upana wa kitu kilicho uani kwake. Nilijua. Kwangu lile lilikuwa chumba, chumba cha binti yangu, na mlango wake nauona kutoka dirishani kwangu. Wateja watakuja, taa itawaka jioni, nitasikia cherehani ikijaribiwa, nitajua yupo. Nilikuwa nimeshapanga hivyo bila kukuuliza, na mpango huo nikauwekea saruji.

Wewe wakati huo matairi umeyaweka chini ya kitanda. Nilikuwa nakuona unapaka beringi grisi, unasugua kutu ya ekseli, unanyoosha springi, na nikajiambia mtoto anapenda usafi. Mpaka siku ile ulipotoka na chakula mkononi ukanikalia karibu. Ukasema cherehani za vijijini zinapanda juu ya basi kuja kwako mjini, zinafika zimevunjika zaidi, na mwenye nazo anakaa wiki nyingi bila kazi. "Baba, mashine zinasafiri kunifuata," ukasema. "Kwa nini mimi nisizifuate? Mnada hadi mnada, kila kijiji na siku yake ya soko, Chemba mpaka Kondoa. Nalala humo humo." Nikamega tonge la ugali, nikalichovya kwenye mlenda, nikasema tutaona. Hilo ndilo jibu la wazazi wasio na jibu.

Niliwaza mengi mabaya na yote ulishayasikia kwa majirani: binti peke yake, mnadani, nyumba ya magurudumu. Mama Loisi alisema watu watakuonaje. Nami nikawa nasema kama Mama Loisi, huku nikijua kwamba shida yangu haikuwa watu. Shida yangu ilikuwa dirisha lile kuwa giza jioni.

Halafu nikakuona na futi. Ulikuwa umesimama getini, umeinyoosha kutoka nguzo hadi nguzo. Ukaiangalia, ukaiachia ikajikunja, ukaenda kupima tela ingawa ulikijua kipimo chake kuliko mimi. Ukarudi getini. Kisha ukaenda kupaka grisi. Jioni ulinisalimia kama kawaida, geti hukulitaja wala mimi sikulitaja, na tukakaa hivyo tukipishana uani kama wapangaji.

Ni mama yako aliyenitoa hapo. Tulikuwa tunapepeta mtama, akasema bila kuinua uso, "Mwanao amepima geti."

"Nimemwona."

"Na wewe unajua kipimo."

"Sasa anataka nini, avunje ukuta wangu?"

"Hatavunja," akasema. "Hawezi kukuaibisha mbele ya watu. Atakuachia tela, ataondoka na begi."

Nikaacha ungo. Niliuona ua wangu vile utakavyokuwa: ukuta umenyooka, tela safi juu ya matofali, mashine zimefunikwa, na wewe umepanga chumba mahali nisipopajua, unatengeneza cherehani sakafuni kwa sababu ulimheshimu baba yako. Ningekuwa nimebaki na kila kitu isipokuwa yule niliyekuwa namzungushia ukuta. Sikuwahi kuogopa hivyo, hata siku ulipozaliwa na wauguzi wakatoka wanakimbia.

Jumamosi asubuhi ukasikia nyundo. Ulitoka na mswaki mdomoni.

"Baba, unafanya nini?"

"Natafuta geti."

Ulisimama pale povu likikudondoka kidevuni. Sikuweza kukuangalia, nikaendelea kupiga. Tofali la kwanza lilikataa kabisa, nililijenga vizuri mno. Kisha nikasikia pigo la pili upande wangu wa kushoto, na ni wewe, na nyundo ndogo ya mashine zako, ambayo haiwezi hata kuvunja karanga. Nikakupa kubwa. Nikachukua mtaimbo. Majirani wakatoka, Mama Loisi akaniuliza, "Mzee, umegombana na nani?" Nikamjibu, "Na mimi mwenyewe. Mwanangu anatoka, na nyumba yake." Akaangalia kidogo, akajifunga khanga kiunoni akaanza kubeba vifusi, na nikamsamehe yote aliyosema.

Jana mjomba wako alipoleta pikapu ya kulivuta tela kujaribu, ulimwelekeza arudi nyuma kwa mkono mmoja kama unamwita kuku, ukashusha ndoano mwenyewe, ukapiga jeki, ukazunguka matairi yote. Mimi nilisimama mikono nyuma. Hamisi aliniuliza kama niko tayari, nikamwambia muulize mwenye tela. Tela likatikisika, likatoka kwenye alama za matofali yake, likapita pale palipokuwa na ukuta. Taa zake nyekundu za nyuma ziliwaka lilipofika barabarani. Nilizichomelea mimi, kwa maelekezo yako. Niliwaambia watu waliosimama pale, bila kuulizwa na mtu, kwamba yule ni binti yangu. Walikuwa wanajua, wengine walikuwepo ulipobatizwa, lakini niliona lazima nilitamke.

Sina ushauri mwingi wa kukupa kuhusu minada. Sijawahi kulala kwenye mmoja. Wewe unakwenda kufanya jambo ambalo baba yako hakulifanya, na sitajifanya ninakujua uendako. Ninachojua ni huyo anayekwenda. Ukifika huko wakakudharau kwanza, na watakudharau, waache wakuone unafungua mashine.

Mama yako ananiuliza pengo la ukuta nitaliziba lini, maana mbuzi wa jirani wameshaanza kuingia. Siwezi kuliziba. Geti jipya lipo Kizota, limelala juu ya stendi, bado rangi. Jamaa wa karakana waliuliza kama nimenunua lori. Nimeliweka upana wa tela lako na nafasi ya kutosha pande zote mbili, hata ukija umechoka usilikwaruze.

Mageti yote ninayotengeneza nayakatia kitundu cha kupitishia mkono, mtu wa nje afikie komeo lililo ndani. Mteja huniambia ukubwa anaoutaka. Jumatatu nilikuomba uweke mkono wako juu ya bati nikauzungushia chaki, ukauliza wa nini, nikasema utajua. Nimekata pale pale kwenye chaki, nikapiga msasa kingo zote zisikuchane. Mama yako anasema vibaka nao wana mikono. Nimemwambia waje, nitalala macho, kwani kazi ninayo nyingine?

Nimejaribu mkono wangu leo mchana. Haupiti, unaishia kwenye vidole. Wako unapita mpaka kwenye komeo. Ukifika, saa yoyote, usibishe hodi.

Baba yako